MAISHA YA DAKTARI WILLIAMSON WA MWADUI, NA MAZINGATIO JUU YA SITARA, NGUVU NA MAKUSUDIO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote zamstahikia Yeye aliyeumba ardhi akatia ndani yake hazina zisizoonekana kwa macho, na akamuumba binadamu akatia ndani ya kifua chake siri asiyoijua ila Yeye. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Watu wa mwambao, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Bagamoyo na Kilwa, wamezoea kuzisikia khabari za nchi za bara zenye madini: Geita kwa dhahabu, Shinyanga kwa almasi. Si wachache waliokwenda huko, zamani kwa miguu pamoja na misafara, kisha kwa gari la moshi lililofika Mwanza katika mwaka wa 1928, na leo kwa mabasi. Katika khabari za nchi hizo halikuvuma jina la mtu kama lilivyovuma jina la Daktari John Thorburn Williamson, Mzungu wa Kanada, aliyeugundua mgodi wa almasi wa Mwadui.

Mtu huyu hakuwa Muislamu, wala kijitabu hiki hakimtaji ili kumsifu kwa dini au kumlaani. Qur'ani Tukufu imesimulia khabari za watu wa kila namna, wema na waovu, wafalme na matajiri, ili wenye akili wazingatie. Wala si insafu kumfananisha na Karuni, kwani Karuni alitakabari juu ya kaumu yake na kuikana neema ya Mola wake, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyemhukumu. Williamson hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini katika maisha yake mna jambo moja linalofaa kutazamwa sana na kila mwanamume mwenye nyumba, mwenye wafanyakazi, au mwenye siri za watu mikononi mwake. Nalo ni hili: alikuwa mtu aliyependa kusitirika, akawa na nguvu ya kujisitiri, lakini chini ya mamlaka yake walikuwako watu wengi wasioweza kutoka kazini ila baada ya kupekuliwa.

KUZALIWA KWAKE NA ELIMU YAKE

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1907, katika siku za mwisho za mwaka wa 1324 wa Hijra, mahali paitwapo Montfort katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alipokuwa kijana akaingia Chuo Kikuu cha McGill katika mji wa Montreal, na azma yake ya kwanza ilikuwa kusoma sheria. Siku moja akafuatana na rafiki yake katika safari ya kiangazi kwenda Labrador, nchi ya baridi na majabali, pamoja na watu waliokwenda kuchungua miamba. Aliporudi, moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka. Akaiacha sheria akashika elimu ya miamba na madini, akaendelea nayo daraja baada ya daraja, hata katika mwaka wa 1933 akapata cheo cha udaktari wa elimu hiyo.

Hakuwa daktari wa wagonjwa, kama walivyodhani baadhi ya watu kwa kusikia jina. Alikuwa daktari wa mawe. Na asiidharau msomaji elimu hiyo, kwani Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake ameyataja majabali na mistari yake myeupe na myekundu na myeusi, akayataja pamoja na wanazuoni wamchao. Elimu ya kuusoma uso wa ardhi ni katika elimu zenye kumwonyesha mja kudra ya Muumba, ikiwa mja mwenyewe ataka kuonyeshwa.

KUJA KWAKE TANGANYIKA

Baada ya kupata shahada yake alifuatana na mmoja wa walimu wake mpaka Afrika ya Kusini, kisha akafanya kazi ya kutafuta madini katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika mwaka wa 1935 akaja Tanganyika kuitumikia kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Almasi ya Mabuki ilijulikana tangu miaka ya 1920, lakini haikuwa nyingi, na kampuni ile haikudumu katika kazi yake.

Kampuni ilipokata tamaa, yeye hakukata. Akabaki katika nchi ya Wasukuma, akiitafuta almasi kwa mali yake mwenyewe, na mali yake ilikuwa kidogo. Nchi ya Shinyanga ni tambarare, kavu wakati wa kiangazi, yenye mibuyu na malisho ya ng'ombe na mashamba ya pamba na mtama. Katika nchi hiyo alizunguka miaka, akichimba mashimo, akichekecha mchanga, akitazama, akihama. Homa ya malaria ikampata mara kwa mara, na fedha zikamwishia. Aliamini ya kuwa almasi zile chache zilizotawanyika juu ya ardhi zina shina lake mahali fulani, na shina hilo halijaonekana bado.

Hapa Muislamu atazame nafsi yake. Mtu aliitafuta dunia kwa subira kama hii, akastahimili jua na homa na kuchekwa, kwa ajili ya jiwe ambalo hakuwa na yakini kuwa liko. Naye Muislamu ana yakini ya Pepo, na mara nyingi hastahimili baridi ya maji ya udhu wa alfajiri. Subira si ya watu wa dini peke yao. Ni silaha anayeweza kuishika kila mtu. Tofauti iko katika kile anachokisubiria.

KUPATIKANA KWA MWADUI

Tarehe 6 Machi 1940, mwezi wa Muharram 1359, shina lile likapatikana Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Wataalamu huuita mwamba wake kimberlaiti. Ni mwamba uliopanda zamani sana kutoka chini mno ya ardhi, ukapasua tabaka zilizo juu yake kwa umbo la faneli, mdomo mpana juu na shingo nyembamba chini, ukachukua almasi pamoja nao. Mdomo wa Mwadui una upana wa hekta 146, yaani ekari 360 hivi, nao ni katika mikubwa ya dunia iliyopata kuchimbwa kwa faida.

Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Mashine hazikupatikana kwa urahisi, naye akaanza kwa vyombo vikuukuu na vya kuungaunga. Wakili mmoja wa Kihindi aliyekaa Mwanza, I. C. Chopra, akamsaidia kwa fedha na kwa maarifa ya sheria, akawa mshirika wake. Kampuni ikaitwa kwa jina lake, Williamson Diamonds. Walioshika majembe na sululu na karai ni wafanyakazi wa Kisukuma na wa makabila mengine, waliochimba na kuchekecha na kuosha changarawe mpaka utajiri ukadhihiri.

Majina ya hao hayakuandikwa katika vitabu. Ni jambo la kutafakari, kwani kujificha ni namna mbili. Yuko anayejificha kwa hiari yake, na wako wanaofichwa kwa kuwa hapana aliyeona faida ya kuwataja. Lakini daftari la Malaika halina jina lililorukwa, na jasho lililotoka kwa ajili ya kulisha watoto kwa halali limeandikwa huko, hata kama halikuandikwa katika daftari la mgodi.

NGUVU ZAKE

Baada ya vita Williamson alikuwa katika matajiri waliotajwa dunia nzima. Mwadui ikawa mji kamili katikati ya pori: nyumba, hospitali, skuli, umeme, maji ya bwawa, na kiwanja cha ndege. Si haki kuyaficha mema hayo. Wako waliopata dawa pale ambapo kwao hapakuwa na dawa, na wako waliojifunza ufundi wakaishi nao. Ni kweli vilevile kwamba nyumba za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilitengwa mbalimbali, kama ilivyokuwa desturi ya utawala wa zama zile, na kila mtu alipewa mahali kwa rangi yake.

Biashara ya almasi ya dunia wakati huo ilikuwa mikononi mwa shirika moja la London, lililosimamiwa na jamaa wa De Beers wakiongozwa na Ernest Oppenheimer. Walitaka kila almasi ipite kwao ili bei isianguke. Williamson hakupenda kuwa chini ya mtu. Ilifika wakati akazizuia almasi zake zisiuzwe, zikakaa katika hazina yake mpaka wakaelewana juu ya masharti. Waliutaka mgodi wake, naye hakuwauzia maisha yake yote. Mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto, katika pori la Shinyanga, aliwatia wasiwasi wafanya biashara wakubwa wa Ulaya. Hiyo ndiyo nguvu ya dunia, na Mwenyezi Mungu humpa amtakaye na humpokonya amtakaye.

MLANGO WAKE ULIOFUNGWA

Pamoja na nguvu hizo alizidi kujitenga. Hakupenda mikutano wala karamu. Barua nyingi hazikujibiwa, na waandishi wa magazeti waliotoka mbali kuja kumwona wengine walirudi bila ya kumwona. Kwa sababu hiyo wakazidi kumwandika. Hiyo ndiyo tabia ya watu: mlango ukifungwa, kila mmoja hutaka kujua kilicho nyuma yake.

Yaliyosemwa juu ya mambo yake ya ndani ni mengi, na hayatatajwa katika kijitabu hiki hata moja. Sababu yake ni sheria, si woga. Mwenyezi Mungu ameharimisha kupeleleza na kusengenya, na ameamrisha mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka abishe hodi na kuwasalimu wenyewe. Na akiambiwa arudi, arudi, na hilo ndilo safi zaidi kwake. Mtume, sala na salamu zimshukie, amefundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu, kisha mtu huondoka. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamesema katika vitabu vya fikihi: mtu akichungulia kwa makusudi katika nyumba ya watu kwa tundu la mlango, na mwenye nyumba akamtupia kijiwe kidogo kikampofua jicho, hapana kisasi wala diya, kwa masharti waliyoyataja. Tazama jinsi jicho, lenye diya ya ngamia hamsini, lilivyopoteza hurma yake kwa kuivunja hurma ya nyumba.

Imepokewa pia khabari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa Khalifa mwenye dola kubwa. Usiku mmoja alikuwa akizunguka Madina akasikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta akamkuta mwenye nyumba katika maasia. Alipomkemea, yule mtu akamjibu ya kuwa yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, na Khalifa kwa matatu: amepeleleza na hali kupeleleza kumekatazwa, ameingia kwa ukuta na hali imeamrishwa kuingia kwa milango, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Umar akakubali, akamsamehe, akatoka. Hakusema ya kuwa yeye ni mtawala na macho yake hayana mpaka. Hiyo ndiyo nguvu iliyojua kikomo chake.

Basi Williamson kwa kupenda faragha hakufanya kosa. Haki ya kusitirika ni ya kila mtu, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, tajiri na maskini. Swali ni hili: je, haki aliyoipenda kwa nafsi yake iliwafikia na wale waliokuwa chini yake?

UA WA SENG'ENGE

Mgodi wa almasi hauwi kama mgodi mwingine. Dhahabu ya mwamba hupatikana kwa kusaga mawe mengi. Lakini almasi moja, ndogo kama punje ya mtama, yaweza kumtajirisha mtu, na hufichika mdomoni, katika nywele, katika upindo wa kaptula. Kwa hiyo Mwadui ilizungushiwa ua wa seng'enge, ikawekwa walinzi, na wafanyakazi wakawa hupekuliwa watokapo. Serikali nayo ikaweka sheria ya kuilinda almasi, na kuonekana na almasi ghafi bila ya ruhusa kukawa hatia.

Sheria ya Kiislamu ina la kusema kwa pande zote mbili. Kwa mfanyakazi: mkono wake ni mkono wa amana. Alichokabidhiwa si chake, hata kama mwenye mali ni tajiri na yeye ana njaa, na hata kama tajiri si wa dini yake. Anayemeza jiwe la tajiri ili apite nalo langoni amekula haramu kwa maana mbili. Kwa mwenye mgodi: kulinda mali ni haki yake, na kupekua kwa haja ni jambo linaloweza kujuzu. Lakini uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kuufunua bila ya dharura ni haramu, na kumdhalilisha mtu ili aogope ni dhuluma. Mlinzi aliyesimama langoni asidhani kuwa amri ya bwana wake itamchukulia dhambi yake. Hapana utii kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

Ubaya wa nguvu ni kuwa mwenye nguvu hujitengenezea pazia kwa kuyaondoa mapazia ya wengine. Nyumba yake hairuhusiwi kutazamwa, na mifuko ya watu wote hutazamwa. Ua wenyewe ulidumu baada ya kufa kwake. Katika mwaka wa 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi huo tangu 2009, ilikubali kutoa pauni milioni 4.3, pamoja na gharama za mawakili na miradi ya vijiji, ili kumaliza madai ya watu 71 waliosema kuwa walidhuriwa na walinzi wa mgodi. Na ilikubali hivyo bila ya kukiri dhima. Mwenye kuzingatia ataona ya kuwa ukuta uliojengwa kulinda mawe waweza kusahau damu za watu.

ALMASI YA RANGI YA WARIDI

Katika mwaka wa 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, yaani karibu gramu 11. Ni katika almasi za ajabu zilizopata kutoka katika ardhi ya Afrika. Mwaka huohuo tarehe 20 Novemba, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliolewa London, na Williamson akamtunuku jiwe lile kuwa zawadi ya harusi. Likakatwa London likabaki karati 23.6, na katika mwaka wa 1953 likatiwa katikati ya ua la almasi, kuwa pambo la kifuani la Malkia. Katika mwaka wa 1956 Margaret, ndugu wa Malkia, akafika mwenyewe Mwadui.

Hapana lawama kwa mwenye kutoa zawadi katika mali yake. Lakini ajabu ni hii: mtu aliyekimbia macho ya watu maisha yake yote, kitu chake kimoja kilichoonekana na dunia nzima ni jiwe alilolituma kwa mfalme. Na jiwe lenyewe, ili ling'are, lilipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Waliolichimba hawakuliona tena.

Hapa itajwe hukumu ya mali hizi, kwani wanaoziuliza ni wengi. Katika madhehebu ya Shafi'i almasi yenyewe haina zaka, hata ikiwa kubwa namna gani, ila ikifanywa mali ya biashara. Hapo hutolewa zaka ya biashara, robo ya ushuru, yaani mbili na nusu katika mia, mwaka ukitimia. Dhahabu ya machimbo, kama ile ya Geita, ina zaka, nayo pia ni robo ya ushuru kwa kauli yenye kutegemewa, ikifika nisabu ya mithkali ishirini, karibu gramu 85. Wala haingojewi mwaka, bali wajibu huthibiti ipatikanapo, na hutolewa baada ya kusafishwa.

Na wanazuoni wameigawa mali ya zaka mafungu mawili. Mali ya dhahiri ni wanyama, mazao na machimbo. Mali ya ndani ni fedha na dhahabu iliyowekwa na bidhaa za biashara. Mali ya ndani, mwenyewe huitoa kwa mkono wake, na wala mtawala hapewi ruhusa ya kumwingilia nyumbani kuifukua. Sheria imemwamini mja kwa kile asichokiona mwingine, ikamwachia baina yake na Mola wake. Hiyo ndiyo sitara ya Kiislamu: pazia limewekwa, na nyuma ya pazia kuna wajibu. Anayelitumia pazia hilo kuizuia haki ya maskini ameigeuza neema kuwa hoja juu yake.

MAUTI YAKE

Katika miaka ya 1950 Williamson akapatwa na saratani ya koo. Mali yake ikamfikisha kwa matabibu, lakini haikumnunulia siku. Akafa Mwadui katika mwezi wa Januari 1958, sawa na mwaka wa 1377 wa Hijra, naye ana umri wa miaka 50, akazikwa hukohuko, katika ardhi aliyoifukua.

Hakuacha mke wala mtoto. Warithi wake wakauza, na katika mwaka huohuo wa 1958 mgodi ukaingia mikononi mwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Wale aliowakatalia maisha yake yote waliupata kabla ya mwaka wa mauti yake kwisha. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ikautwaa wote. Katika miaka ya 1990 De Beers wakarudi. Kisha wakaja wengine. Jina la Williamson likabaki juu ya mgodi, na shimo likaendelea kupanuka. Alishika miaka kumi na minane tu, tangu siku aliyoligundua shina mpaka siku aliyofunikwa udongo.

Watu huuliza makusudio yake yalikuwa nini. Nia ni siri ya moyo, na haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini msomaji ana haki ya kuuliza makusudio ya nafsi yake, na hilo ni wajibu juu yake.

MAZINGATIO KWA WATU WA ZAMA HIZI

Zamani nguvu ya kutazama siri za watu ilikuwa ya wafalme na wenye migodi. Leo kila kijana ana simu yenye jicho. Humpiga picha jirani yake katika ugomvi wa nyumbani, mgonjwa kitandani, maiti barabarani, akaitawanya kabla ya kumwombea dua. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyepata punje ya dhahabu hujikuta khabari yake imemtangulia mjini, na wezi wanamngoja njiani. Kampuni za simu na mabenki zimeshika hesabu za watu, majina yao, nyendo zao na madeni yao. Tanzania imeweka sheria ya kulinda taarifa binafsi katika mwaka wa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hilo ni jambo jema. Lakini karani anayeifungua hesabu ya mtu ili kumpa khabari shemeji yake anajua peke yake alilolifanya, na sheria hiyo haimwoni. Anayemwona ni Mwenyezi Mungu.

Tena wako wanaojifunua wenyewe. Mtu atoa kilo mbili za unga kwa mjane, na picha ya mjane huyo anaionyesha kwa watu elfu. Sadaka imekwisha kulipwa hapohapo kwa macho ya watu, na uso wa mjane ndio uliotolewa kuwa gharama. Mtume, sala na salamu zimshukie, amewataja watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni mtu aliyetoa sadaka kwa siri, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Basi mwanamume wa pwani anayefunga safari kwenda Shinyanga au Geita, au anayekaa dukani kwake Tanga au Unguja akiwa na wafanyakazi watatu, ajiulize mambo haya kabla ya kulala. Siri ngapi za watu ziko mikononi mwake, na amezifunika au amezifunua? Pazia analolitaka kwa mke wake na binti zake, amewapa na wafanyakazi wake na wapangaji wake? Na nyuma ya mlango wake mwenyewe, pale asipoonekana na mtu, anafanya jambo gani ambalo lingempa raha akifa nalo usiku huohuo?

Ardhi ya Mwadui ilificha almasi zake zama nyingi mno, kisha ikafukuliwa. Na iko siku ardhi yote itaitoa mizigo yake, na vilivyomo vifuani vitadhihirishwa. Siku hiyo hapana ua wa seng'enge, hapana mlinzi wa kurudisha wageni, wala hapana mlango wa kufungwa. Atakayekuwa na sitara siku hiyo ni yule aliyewasitiri waja wa Mwenyezi Mungu duniani, kwa ahadi iliyothibiti kwa Mtume wake.

Ee Mwenyezi Mungu, wasitiri Waislamu duniani na Akhera, wape nguvu isiyodhulumu na faragha isiyoficha dhambi, na uyafanye makusudio yao yawe ni radhi zako. Amin. Wallahu a'lam.